Mbalamwezi ya Kibirizi

Kitabu kilifika Kigoma kikiwa kimechanwa. Mjomba wangu alikuwa mhudumu wa behewa la chakula katika treni ya Reli ya Kati, na Jumamosi ile alikitoa mfukoni mwa koti lake la kazi akanikabidhi huku akicheka. Abiria wawili, alisema, walikigombea tangu Morogoro. Mmoja ndiye mwenye mali. Mwenzake amekaa kiti cha mbele yake hana cha kusoma, na safari ni ya siku mbili. Walipofika Itigi wakaelewana. Mwenye kitabu akakichana pale alipofikia, nusu aliyokwisha kuisoma akampa jirani yake, iliyobaki akaendelea nayo. Tabora njia hugawanyika, wa Mwanza huenda kwao na wa Kigoma huja kwetu. Mwenye kitabu alikuwa wa Mwanza. Akashuka nao mwisho wa hadithi.

Mwaka ulikuwa 1981, nami nilikuwa na miaka 14, darasa la saba. Jalada lilikuwa limeng'oka zamani, lakini ukurasa wa kwanza ulikuwapo na jina juu yake: Mzimu wa Watu wa Kale. Mtunzi, Muhammed Said Abdulla. Sikuwa nimewahi kumsikia. Shuleni tulikuwa na vitabu vya kiada, kimoja kwa watoto watatu, na nyumbani palikuwa na msahafu wa baba uliofungwa kwenye kitambaa cheupe. Hadithi nilizozijua zilikuwa za kusimuliwa, na mwisho wake kila mtu aliujua kabla msimulizi hajakohoa. Katika hii palikuwa na maiti, na hakuna aliyejua muuaji ni nani.

Tuliishi Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji, pale wanapopandia boti watu wa Gombe na vijiji vya mwambao. Baba alivua katika mtumbwi wa mzee mmoja tuliyemwita Nahodha. Hata wanawe wa kuwazaa walimwita hivyo. Asiyekulia ufukweni hajui jinsi mwezi unavyotawala maisha ya mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa gizani. Siku hizi taa ni za betri na za sola, ila wakati ule zilikuwa karabai. Mitumbwi ilitoka jua linapozama, karabai zikawashwa mbali ziwani, na ukisimama Kibirizi usiku ungedhani mji mwingine umejengwa juu ya maji. Dagaa huifuata nuru, wavu hunyanyuliwa kutoka chini yao, na alfajiri akina mama huwaanika kwenye mchanga. Mwezi ukipevuka mambo hayo yote husimama. Nuru inakuwa imetapakaa ziwani kote, na dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Basi kila mwezi wavuvi wetu walikuwa na siku kama saba, pengine kumi, za kukaa nchi kavu. Walishona nyavu, wakacheza bao, wakanywa kahawa, wakagombana na wake zao.

Nilianza kusoma kwa sauti kwa sababu baba aliniamuru nisome kwa sauti. Alitaka kuona kama madaftari yake yanazaa kitu. Nilikaa kwenye gogo karibu na kibatari, wao wakishona wavu, nikasoma ukurasa, nikasoma wa pili. Nilipotaka kusimama nipumzike, mtu mmoja upande wa pili wa wavu akaniuliza, "Halafu?"

Usiku wa pili walikuwa wengi zaidi. Usiku wa tatu Nahodha akasema, "Washeni karabai moja, mtoto asome vizuri."

Labda msomaji wa leo hasikii uzito wa maneno hayo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Rafu za maduka zilikuwa tupu, kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi kikagawanywa kwa majirani. Mafuta ya taa yalipopatikana yalifichwa kwa ajili ya giza, maana bila mafuta hakuna dagaa, na bila dagaa hakuna unga. Nimeshuhudia usiku mweusi kabisa, usiku mzuri wa kuvua, mitumbwi imelala ufukweni kwa kukosa lita chache. Na mzee yule, aliyeyahesabu mafuta yake kwa kifuniko cha chupa, aliwasha karabai usiku wa mbalamwezi ili ajue Bwana Msa, mpelelezi wa kitabuni, atasema nini.

Wengi wa wasikilizaji wangu walikuwa wamepita katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970. Waliweza kuandika majina yao na kusoma bei kwenye gunia. Kitabu kizima kilikuwa mlima. Nahodha hata kisomo hakukaa. Alisema herufi zinamuumiza macho. Lakini masikio yake yalikuwa ya mtu aliyezoea kusikiliza upepo. Ukiruka mstari alijua. Ukirudia jina la mtu kwa makosa alikunyanyulia kidole.

Mimi mwenyewe kuna maneno yaliyonishinda. Muhammed Said Abdulla aliandika Kiswahili cha Unguja, chenye maneno ya mashamba ya mikarafuu, ya mavazi na ya heshima zao, na mimi ni mtoto wa Kigoma niliyejifunza Kiswahili juu ya Kiha. Nilizikusanya shida zangu zote nikazipeleka Ujiji kwa bibi yangu, mama yake mama, Jumapili kwa Jumapili, kwa miguu. Bibi alikuwa Mmanyema. Wazee wake walivukishwa ziwa siku za misafara, wakati Ujiji ilikuwa kituo cha watu wa pwani, na lugha waliyoipokea kwa taabu hiyo ilibaki mdomoni mwake ikiwa safi kama ilivyotoka Bagamoyo. Nilimtajia neno, akaacha kuchambua mchele, akaniambia maana yake na mahali linapofaa na mtu asiyestahili kuambiwa neno hilo. Wageni hufika Ujiji kuona mahali alipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Mimi nikipita pale namkumbuka bibi na ungo wake, akinifungulia kitabu cha Mzanzibari mmoja ambaye hakuwahi kumwona.

Nimetangulia kusema palikuwa na maiti. Tajiri mmoja anakutwa ameuawa penye mzimu, mahali pa matambiko ya kale. Sasa fikiria unawasomea hayo wavuvi wa Tanganyika. Kusini mwa Kigoma kuna rasi ya Kabogo, na mzimu wa Kabogo ulijulikana ziwani kote; wasafiri wa Kizungu wa karne ya kumi na tisa waliandika juu ya ngurumo zake. Wazee wa Kibirizi walipopita Kabogo hawakupita mikono mitupu. Basi mwanzoni kabisa, kabla sijafika mbali, wengi walishaamua kesi: tajiri alikanyaga pasipokanyagwa, mzimu ukamchukua, hadithi imekwisha, sasa huyu bwana mwenye kiko anatafuta nini?

Bwana Msa hakuwajibu. Alivuta kiko chake, akauliza. Nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, mlango ulifungwa na nani. Najum, rafiki yake, akashangaa kwa niaba yetu. Usiku kwa usiku nikaona jambo ambalo sikuwa na jina lake: watu walewale waliokwisha kuamua walianza kubishana juu ya maswali. Mmoja alimtuhumu huyu kwa sababu alisema amelala na kumbe hakulala. Mwingine alimtetea. Wavu ulikaa mapajani bila kushonwa.

Nikafika mahali ambapo kitabu kilichanwa.

Nilikuwa nimejua siku zote kwamba nitafika hapo, na nilikuwa nimenyamaza. Niliona haya kuwaambia watu wazima arobaini kwamba mwisho wa hadithi uko Mwanza, kwenye mkoba wa mtu nisiyemjua. Usiku ule nilishika karatasi ya mwisho mbele ya macho yangu nikaendelea kusoma vitu visivyoandikwa. Niliwapa waliokitaka. Nilisema Bwana Msa alipiga magoti penye mzimu, upepo ukavuma, sauti ikatoka mtini, naye akatambua kwamba hakuna mtu aliyemuua yule tajiri ila watu wa kale wenyewe. Nikafunga kitabu. Baadhi walisema, "Tulisema sisi." Akina mama waliitikia kwa vichwa. Nahodha alizima karabai, akaipapasa kama imepoa, akaondoka bila kuniaga.

Kwa muda wa miezi mitatu hivi nilikuwa mtoto mwenye sifa. Kisha mwalimu wetu mmoja akanituma kabatini kwake nimletee chaki. Ndani ya kabati palikuwa na rundo la vitabu alivyowanyang'anya wanafunzi, na katikati ya rundo kilikuwamo Mzimu wa Watu wa Kale, kizima, na jalada lake. Nilisimama na boksi la chaki mkononi mpaka akaniita mara mbili. Sikuweza kudanganya, nilimwambia yote. Aliniangalia kwa muda mrefu. Akasema nitafagia ofisi ya walimu Jumamosi nne, na kila Jumamosi nikimaliza nitakaa palepale nisome. Hakikutoka nje ya mlango ule, lakini nilikisoma.

Muuaji sitamtaja. Wapo ambao bado hawajakisoma na sitaki kuwa yule abiria wa Tabora kwao. Nitasema tu kwamba mzimu haukuua mtu. Kila swali la Bwana Msa lililokuwa likituchosha kwenye gogo lilikuwa na kazi yake, na mtunzi alikuwa ametuwekea ukweli mbele ya macho yetu tangu mapema, wazi, kwa uaminifu. Mimi ndiye niliyevunja uaminifu huo. Nililia katika ofisi ile kama niliyemwibia mtu.

Nilimfuata Nahodha kwenye mtumbwi wake, akiziba nyufa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona uso umekuvimba?"

Nikamwambia kwamba mwisho niliowasomea haukuwa wa kitabuni. Hakuacha kuziba.

"Nilijua tangu usiku ule."

"Ulijuaje, babu?"

"Yule bwana wa kiko ameuliza watu maswali siku ngapi? Wewe ulikuwa wapi, wewe ulimwona nani. Kama aliyeua ni mzimu, maswali yote yale ya nini? Mzimu hauulizwi juzi ulilala wapi. Nikasema, huu mwisho mtoto ameutoa tumboni mwake."

Nikataka kumwambia muuaji wa kweli. Aliinua mkono wenye lami. "Usiniambie. Kitabu umekisoma mpaka kimekuingia, sivyo? Mwezi ukipevuka utaanza upya, tangu mwanzo, mbele ya wote. Mimi nitakutajia huyo mtu kabla hujafika."

Nilianza upya. Nusu ya kwanza niliisoma kwenye karatasi, ya pili nikaisimulia kama nilivyoishika kwa Jumamosi nne. Nahodha alitaja jina usiku wa nne, akakosea. Sijapata kuona mtu aliyefurahi kukosea kama yeye. Alipiga paja, akanitaka nirudie mahali palipompoteza, akasikiliza tena, akasema, "Kumbe lilikuwa hapa!" Kama mtu aliyeona samaki chini ya mtumbwi wake mwenyewe.

Masika ya mwaka uliofuata wavu ulipotea kambini. Kijana mmoja mgeni alitiliwa shaka kwa sababu tu ni mgeni, na walikuwapo waliokwisha kuchukua fimbo. Wengine walitaka kwenda kwa mganga ng'ambo. Nahodha aliwakalisha chini akaanza kuuliza: nani aliufunga wavu, nani alitoka kwenda haja, mbwa walibweka upande gani. Aliuliza mpaka fimbo zikachosha mikono. Wavu haukuonekana, hata leo. Lakini kijana yule hakupigwa, na alivua nasi miaka mingi baadaye, akaoa hapohapo.

Ilinichukua muda kumjua mtu aliyemtuma Bwana Msa kwetu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kalamu alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, yaani bwana afya, karibu miaka 10. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na tangu 1958 akahariri jarida la wakulima, Mkulima, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Alifariki mwaka 1991. Wataalamu husema Bwana Msa na kiko chake ni mtoto wa Sherlock Holmes, na Najum ni Watson, na ni kweli, undugu huo hauna haja ya kufichwa. Ila mimi hurudi kwenye ule ubwana afya. Tulikuwa na bwana afya Kibirizi. Alikuja bila taarifa, akachungulia visima, akainua vifuniko, akanusa mitungi, akauliza maji haya yametekwa lini na nani. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari kabla ya kumwandika Holmes. Abdulla alikagua nyumba za watu. Wote wawili walilipwa kwanza kwa kutazama kile ambacho mwenye nyumba amekizoea hata hakioni.

Baada ya Bwana Msa mjomba aliambiwa asirudi mikono mitupu. Vilikuja vya kila aina. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965, kilikuja kizima na kilisomwa siku tatu. Alikuja Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa Kufa na Kupona, na vijana wakaacha bao. Halafu katikati ya miaka ya 1980, nikiwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, mjomba akaleta kitabu cha Joram Kiango. Nilifanya kama kawaida yangu, nikakigeuza nyuma kwanza. Nikasoma kwamba mtunzi, Ben R. Mtobwa, amezaliwa mwaka 1958, Kigoma.

Nilikisoma kifungu hicho kwa sauti. Nikaombwa nikirudie.

"Kigoma ipi?" mtu akauliza.

"Kigoma ni moja."

"Mtoto wa hapa aandike kitabu cha kutoka Dar es Salaam?"

Ubishi uliofuata ulimaliza kahawa. Mmoja aliapa ni wa Kasulu, mwingine akasema huyo ni wa Kibondo, wa tatu akasema watu wenye akili ya namna hiyo hutoka Ujiji tu. Baba, aliyekuwa msemaji wa maneno machache, aliniomba kitabu. Hakukisoma. Alikishika kwa mikono miwili akatazama jina, akanirudishia. Mimi nilikuwa nimekua nikijua kwamba vitabu hupanda treni Dar es Salaam na kushuka Kigoma. Haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kupanda treni Kigoma akiwa na vitabu kichwani.

Joram Kiango si Bwana Msa. Bwana Msa hukaa, Joram hakai. Ni mpelelezi wa kujitegemea mwenye ofisi mjini, anapendeza, anapigwa, anapona, anapanda ndege, na Nuru yuko ubavuni mwake katika hatari zilezile. Vijana wa kambini walimpokea kama ndugu. Walijua majina yote: Lazima Ufe Joram, Najisikia Kuua Tena, Salamu Kutoka Kuzimu. Tutarudi na Roho Zetu?, inayomkutanisha Joram na makaburu wa Afrika Kusini, ilisomwa wakati redio ilitaja makaburu kila jioni, na nakumbuka watu walivyoitikia kama wako mpirani. Nahodha alikuwa na malalamiko. "Huyu anakimbia sana," alisema. "Akikimbia namna hiyo nitayaona saa ngapi yale anayoyaona yeye?" Lakini hakuondoka kwenye gogo, na alipomsikia kijana akisema Bwana Msa ni wa kizamani alimjibu kwamba Joram asingezaliwa bila yeye. Kuhusu hilo alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mzimu wa Watu wa Kale ulipochapishwa Mtobwa alikuwa na miaka miwili.

Nimewaza sana kwa nini mtoto wa Kigoma alikuwa fundi wa hadithi za siri na mipaka. Mawazo haya ni yangu, hajaniambia mtu. Mji wetu ni mwisho wa reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Ng'ambo ni Kongo, kaskazini Burundi, kusini meli ilikuwa ikienda mpaka Mpulungu, Zambia. Meli yenyewe, Liemba, Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 ili adui asiipate, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini 1927, na ilikuwa ikipiga honi bandarini huku tukisoma. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma usiku na Wacuba wenzake kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, wakiwa wamepewa majina ya nambari za Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu. Mwezi wa Novemba akarudi Kigoma, ameshindwa. Nahodha alikuwa akisimulia kwamba mwaka ule wavuvi waliambiwa wasiulize mashua za usiku zimebeba nini. Mtobwa alikuwa na miaka saba. Mtoto wa mkoa huu hukua akijua kwamba mtu anayeshuka treni na mfuko mmoja anaweza kuwa mfanyabiashara wa dagaa, au mkimbizi, au mtu ambaye jina lake si jina lake. Ukishakua hivyo, Joram Kiango haji kutoka mbali.

Nilipokwenda chuo cha ualimu niliyakuta majina ya vitabu hivi katika somo la fasihi, chini ya kichwa cha riwaya pendwa. Neno lenyewe ni zuri. Sauti iliyolitamka haikuwa nzuri. Tulifundishwa kwamba hizo ni kazi za kupitishia wakati, za biashara, zisizo na uzito wa kazi nyingine. Sikunyanyua mkono siku ile, na nimeujutia ukimya huo miaka yote. Nawapenda Shaaban Robert na Kezilahabi na nimewafundisha kwa moyo wangu wote. Lakini hakuna kitabu kingine nilichowahi kukiona kikiwashiwa karabai wakati wa uhaba wa mafuta. Mzee asiyejua herufi aligundua mwisho wa uongo kwa kufuata mantiki ya hadithi peke yake. Kazi ya kusoma ni nini zaidi ya hiyo? Wale wavuvi waliojifunza kubandika herufi katika kisomo wangezisahau kama si Joram. Nilishuhudia wawili kati yao wakianza kuninyang'anya kitabu mchana ili wajue kabla ya wenzao, wakisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Waliokuja kwa boti kutoka Kalemie kununua bidhaa walirudi na nakala zetu zilizochakaa, na wakija tena waliulizia nyingine.

Miaka ya 1990 nilikaa Dar es Salaam kwa muda. Niliviona vitabu vya Mtobwa vimepangwa chini kwenye turubai, kandokando ya barabara, na nikajua mambo niliyoyakosa Kigoma: kwamba ni mwandishi wa habari pia, kwamba ameanzisha uchapishaji wake mwenyewe, Heko, na gazeti la jina hilo. Hakungoja mtu amhurumie, alichapa. Vitabu vyake vilitoka Nairobi vilevile, na Dar es Salaam Usiku, cha mwaka 1990, alikiandika upya yeye mwenyewe kwa Kiingereza. Pesa Zako Zinanuka kilikuwa kimekwisha kukitangulia katika lugha hiyo. Sikuwahi kuonana naye. Mara moja nilikaribia kumwandikia barua. Nilitaka kumwambia juu ya baba alivyolishika jina lake kwa mikono miwili. Nilianza mara tatu, nikaona haya, kama usiku ule wa kitabu kilichochanwa. Ningetoa kitu chochote sasa barua hiyo iwe imetumwa.

Alifariki mwaka 2008, ana miaka 50. Nilikuwa nimerudi Kigoma kufundisha. Habari nilizisoma gazetini, na jioni nikashuka Kibirizi. Baba alikuwa amekwisha kutangulia. Nahodha alikuwapo bado, amekonda, macho yamefunikwa na ukungu, anakaa mlangoni kwa mwanawe akisikiliza mitumbwi. Mwezi ulikuwa umekaribia kupevuka na watu walikuwa nchi kavu. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka karibu na miguu yake, nikamwambia Mtobwa amefariki.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Yule wa kwetu?"

"Yule wa kwetu, babu."

"Alikuwa na umri gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema huyo alikuwa mtoto. Akaniuliza kama nimekuja na kitabu. Nilikuwa nacho, nilikuwa nimekitia mfukoni bila kuwaza, kama mtu anavyochukua kofia. Mwanawe akatuletea taa. Wajukuu wawili waliokuwa wakicheza na simu ya baba yao wakasogea, kisha jirani, kisha mke wa jirani na mtoto mgongoni. Nilisoma polepole, maana macho yangu nayo hayakuwa ya 1981. Nilipomaliza sura ya pili Nahodha aliinua kidole.

"Huyu aliyefungua mlango," alisema. "Rudia maneno yake."

Nikarudia.

Akacheka taratibu, peke yake. Nikamwuliza amemwona nani. Mjukuu mkubwa naye akadakia, babu tuambie, tuambie.

"Soma kwanza," akasema.